Una hela mkononi na unataka nyumba Mtwara au Lindi? Soma hii kabla hujaanza kuhesabu noti

Nilikaa sebuleni kwa mzee mmoja pale Chuno, Mtwara mjini, begi la shule la mwanangu liko mapajani, ndani milioni 15, noti za elfu kumi tupu zimefungwa raba bendi. Mzee anahesabu kwa kulamba kidole, dalali kakaa pembeni naye anahesabu kwa macho, mimi nimejaa najiona leo nanunua nyumba. Uani mama mwenye nyumba anakuna nazi, unasikia mbuzi inalia kra kra kra. Tukafika bunda la tatu, mzee akasema kwa sauti "milioni tatu hizo", mara mbuzi ikanyamaza. Kimya. Mama akaingia, vidole vyeupe vya nazi, akamwita mzee kwa jina la mtoto wao wa kwanza akamuuliza hizo hela za nini. Mzee akaanza kukohoa. Hapo ndo nikajua mama wa watu hana habari kama nyumba anayoishi inauzwa.

Nikakusanya hela zangu nikapanda bodaboda nimelikumbatia lile begi kama mtoto mgonjwa. Nyumba yenyewe mwisho wa siku niliipata na humo ndo naishi, nitaeleza ilivyokuwa, ila ile siku ilinifundisha kitu ambacho dalali hawezi kukwambia. Ukinunua nyumba kwa mkopo, benki inakukagulia, itataka hati, itatuma mthamini, itauliza kama muuzaji ana mke, itaenda kwa msajili wa hati kuangalia kama kuna rehani, inafanya hayo kwa kuogopea hela yake lakini na wewe unapona humo humo. Ukinunua keshi hakuna anayeogopa kwa niaba yako. Benki ni wewe. Kwa hiyo hapa naandika jinsi ya kuwa benki, na mahali ambapo keshi inakusaidia kweli na mahali ambapo inakuacha kwenye mataa.

Kwanza kwa nini huku kusini karibu kila mtu ananunua keshi

Sio kwamba tuna hela sana. Mkopo wa nyumba kwa mabenki ya hapa Tanzania riba inacheza kwenye 15% mpaka 19% kwa mwaka. Chukua milioni 30 kwa 17% ulipe kwa miaka 15, kila mwezi unatoa kama laki nne na sitini hivi, piga mara miezi 180 unakuta umelipa kama milioni 83. Nyumba moja umeinunua karibu mara tatu. Halafu mkopo wenyewe unataka mshahara unaopita benki kila mwezi, sasa mtu wa Tandahimba au Nachingwea ambaye hela yake inaingia kwa mnada wa korosho, Oktoba mpaka Januari ndo anashika hela, Mei hana kitu, afisa mikopo atamuandika wapi? Na benki inataka nyumba yenye hati kamili, ambapo nyumba nyingi za Magomeni na Chikongola hapa Mtwara au kule Lindi mjini za watu wa kawaida hazina. Juu ya hapo wengi wetu huku ni waislamu na riba mtu hataki kuisikia hata ingekuwa 2%.

Kwa hiyo keshi ndo njia. Aliyevuna vizuri, aliyepewa kiinua mgongo, aliyeuza mashamba, aliyelipwa fidia, wote wanakuja na hela ya mkupuo. Madalali wanajua hilo kuliko sisi.

Keshi inakupa nini hasa

Kubwa ni bei. Mwenye nyumba akisikia mtu anayo hela sasa hivi, sio "nisubiri mkopo utoke", sio "nitakulipa kwa awamu mpaka mwakani", anashuka. Mzee wa Chuno alianza na milioni 38, tukamalizana 31 na nusu. Lakini ukweli ni kwamba haikuwa ujanja wangu wa kupatana, ilikuwa Agosti. Na hapa nidokeze kitu ambacho wageni wa huku hawakijui: bei ya nyumba kusini ina msimu kama korosho. Minada ikianza hela imejaa mtaani, kila mtu anataka kujenga, bati linapanda, fundi hashikiki, na mwenye nyumba hana shida anakuangalia tu. Ukija mwezi wa saba, wa nane, wa tisa, watu wameshamaliza hela ya msimu uliopita, kuna sherehe za kutoa watoto jandoni na unyagoni zinataka hela, kuna ada, hapo mwenye keshi anasikilizwa. Kwa hiyo ukivuna vizuri usinunue Desemba kwa mihemko, kaa nayo mahali salama usubiri wenzio zikate. Najua ni ngumu, hela ikikaa ina miguu, ila ndo hivyo.

Pili, haraka. Nyumba yenye hati safi na watu waliokubaliana mnaweza maliza mkataba na malipo ndani ya wiki mbili, makaratasi ya uhamisho ndo yatafuata mwendo wake.

Tatu, keshi inakufungulia vitu ambavyo benki haivigusi. Pagale lililoishia kwenye linta, nyumba ya skwata, yaani mtaa usiopimwa, yenye karatasi ya mauziano tu, nyumba ya kijijini yenye hakimiliki ya kimila. Hivi ndo vyenye bei nzuri. Lakini ujue pia benki imevikataa kwa sababu, na hiyo sababu unaibeba wewe.

Nne, hati inakaa kabatini kwako. Ukiugua, ukiachishwa kazi, korosho zikipata ugonjwa wa ubwiriunga, hakuna mtu atakuja kubandika tangazo la mnada ukutani.

Sasa kazi ya kuwa benki

Anza na karatasi, usianze na rangi ya sebule. Muulize muuzaji ana nini mkononi, na usikubali jibu la "hati ipo". Hati ipi? Kwa sheria zetu ardhi yote ni ya umma na Rais ndo mdhamini, wewe unachonunua ni haki ya kuitumia pamoja na jengo. Hati miliki ya mjini inatolewa kwa miaka 33, 66 au 99, kwa hiyo angalia imeanza lini na imebaki mingapi, kuna watu wananunua hati ya miaka 33 iliyotolewa zamani wanaona wameula kumbe imebaki miaka sita. Barua ya toleo, ile tunayoita ofa, sio hati, ni hatua ya kuelekea kwenye hati. Hakimiliki ya kimila ni ya ardhi ya kijiji, inakwenda na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na mtu asiye wa kijiji hawezi kuhamishiwa kienyeji tu bila halmashauri ya kijiji kukubali. Na ile karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa inaonesha tu kwamba fulani alimuuzia fulani mbele ya mwenyekiti. Haihamishi umiliki. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri sana, anajua watu na migogoro, mheshimu na umtafute, lakini yeye sio ofisi ya ardhi.

Kama kuna hati, chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ya mkoa kwa msajili wa hati ufanye upekuzi, watu wanaita sachi. Unapewa kontro namba unalipia, unapata majibu kwa maandishi: jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna mtu kaweka zuio. Usitumie sachi aliyoifanya dalali, hata kama kaitoa mwezi huu huu, fanya yako, na ikiwezekana irudie siku mbili kabla ya kulipa hela kubwa. Uliza hapo hapo na deni la pango la ardhi, maana kuna viwanja havijalipiwa miaka kumi na deni linakusubiri wewe mwenye hela.

Alafu nenda mipango miji halmashauri uulize hicho kiwanja kwenye ramani ni cha nini. Makazi? Barabara? Eneo la wazi? Kule Lindi upande wa Likong'o, kwenye eneo lililotengwa kwa mradi wa LNG, yaani gesi asilia inayogeuzwa kuwa kimiminika, watu walishathaminiwa wakalipwa fidia, sasa mtu akikuuzia "kiwanja cha bei poa karibu na mradi" wewe kimbia tu. Vile vile nyumba za ufukweni, ziko nzuri kweli upepo wa bahari na nini, lakini sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, kwa hiyo tembea na futi kamba.

Watu ni wagumu kuliko karatasi

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoliza watu.

Mke au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, hata kama jina kwenye hati ni la mmoja. Usiridhike na "mke wangu anajua". Kaa naye uso kwa uso, muulize mwenyewe, sio simuni, asaini mbele ya wakili na mumewe, na kama muuzaji anasema hana mke aape kiapo kwa maandishi. Kama kuna wake wawili uliza nyumba ni ya upande gani. Mimi baada ya lile tukio la nazi nilikaa wiki tatu bila kurudi, nikaona basi tena. Siku moja yule mama akanipigia yeye. Akasema hakatai kuuza, nyumba imewashinda kuitunza na wanataka kurudi Newala, ila anataka hela isipite mfukoni kwa mzee yote, nusu iingie kwenye akaunti yake yeye, na aione imeingia ndo asaini. Nikamwambia mama hilo mbona dogo. Tukaliandika kwenye mkataba hivyo hivyo, akaunti mbili, majina mawili. Mzee alinuna ila alisaini.

Urithi. Nyumba nyingi zinazouzwa huku ni za marehemu. Kaka mkubwa sio msimamizi wa mirathi kwa sababu tu ni mkubwa, msimamizi ni yule aliyeteuliwa na mahakama, ana barua yake, mara nyingi ya mahakama ya mwanzo, na uiombe uione ile yenyewe sio picha ya wasapu. Kisha warithi wote wasaini kukubali. Na kwa kusini kuna jambo la ziada: Wamakonde, Wamwera, Wayao kwa asili ukoo unahesabiwa kwa mama, kwa hiyo unaweza ukamaliza na watoto wote wa marehemu ukadhani umemaliza, kumbe kuna wapwa. Rafiki yangu mmoja Lindi alinunua kwa watoto watano, wote wamesaini, picha wamepiga, soda wamekunywa. Mwezi wa nne wakaja wajomba na wapwa wanasema kiwanja kilikuwa cha bibi, marehemu alijenga tu kama mtoto wa ukoo, hakikuwa chake cha kurithisha. Kesi ipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mwaka wa pili huu, hawezi kuuza, hawezi kuongeza hata chumba, na hela yake kila mtu alishagawana. Na madai ya ardhi yana miaka 12 kabla hayajachacha kisheria, sio mwezi mmoja miwili.

Dawa yake haina gharama. Nenda mtaani alasiri, sio na dalali, nenda peke yako, kaa wanapocheza bao au kwenye kahawa, nunua kashata. Usiulize "hii nyumba inauzwa?" maana hapo kila mtu anakuwa dalali. Uliza "hii nyumba ya nani?" Wazee watataja. Ukisikia wawili wanataja majina tofauti, umepata jibu ambalo sachi haiwezi kukupa.

Sasa nyumba yenyewe

Nenda na fundi wako, narudia wako, sio aliyeletwa na dalali. Pwani hii chumvi ndo adui. Kuna nyumba zimejengwa kwa mchanga wa baharini haukuoshwa, zikipakwa rangi zinapendeza kama keki, lakini baada ya muda lipu inamong'onyoka kwa chini na nondo ndani zinaliwa na kutu mpaka zege linapasuka. Gonga ukuta kwa fundo la kidole futi mbili kutoka sakafuni, ukisikia sauti ya uwazi au unga ukadondoka, uliza maswali. Angalia nyufa kwenye pembe za madirisha, ufa wa lipu ni mwembamba hausumbui, ufa unaopanda kwa ngazi kufuata tofali huo ni msingi. Panda darini na tochi uangalie kenchi kama zina mchwa. Nyumba za zamani za Mikindani za mawe ya matumbawe ni habari nyingine kabisa, zina uzuri wake na zina gharama zake, na ule mji ni wa kihistoria, kwa hiyo usibomoe ukuta bila kuuliza halmashauri na watu wa mambo ya kale.

Na kama una uvumilivu nenda mvua ikinyesha. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotupitia pwani hii, barabara ya Dar ilikatika kule Kilwa na mvua ikaonesha nani amejenga kwenye mkondo. Muulize jirani maji yalifika wapi mwaka ule, atakuonesha kwa mkono kwenye ukuta. Miteremko ya Lindi mjini inadanganya sana wakati wa kiangazi.

Kulipa

Usiende na begi. Nimeshaeleza nilienda na begi na mpaka leo naona aibu. Kwanza kulikuwa na watu watatu wanajua siku hiyo mimi natembea na milioni 15, dalali, mzee na mwenye bodaboda nadhani alihisi. Pili hela ikishatoka mkononi kwenda mkononi ushahidi wake ni mdomo. Neno keshi lisikudanganye, kununua keshi maana yake huna deni, sio lazima zipite noti. Hamisha benki kwa benki kwa TISS, ule mfumo wa mabenki wa kutumiana hela, sababu ya malipo andika "malipo ya nyumba kiwanja namba fulani", risiti yake inasema kila kitu. Kama muuzaji hana akaunti mpelekeni akafungue, anayetaka kupokea milioni 30 na hataki akaunti ana sababu. Na kama hela yako ilikuwa ndani ya godoro uipeleke benki mapema, wataulizia imetoka wapi, kuwa na stakabadhi zako za mnada au barua ya mafao.

Kwa awamu nashauri hivi. Kishika uchumba kiwe kidogo, laki tatu laki tano, kwa maandishi, na iandikwe kwamba sachi ikikuta tatizo kinarudi chote. Hela kubwa inatoka siku ya kusaini mkataba mbele ya wakili, wenza wapo, mashahidi wa pande zote, na siku hiyo hiyo muuzaji asaini fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35, pamoja na picha na nakala ya NIDA, usikubali "fomu tutasaini baadae" maana baadae mtu kashahamia Newala hapokei simu. Kisha bakiza kiasi, mimi nilibakiza milioni tatu, ambacho kinalipwa funguo zikikabidhiwa, nyumba ikiwa tupu na kodi ya mauzo ikiwa imelipwa. Hapa ndo nguvu ya keshi ilipo na wengi wanaitupa siku ya kwanza. Muuzaji anakupigia simu vizuri sana kama bado anakudai.

Kuhusu kodi: kwa kawaida muuzaji anadaiwa na TRA 10% ya faida aliyopata kwa kuuza, na bila hiyo uhamisho haukamiliki. Kisheria ni yake. Mtaani wanakuja na maneno "bei hii ni ya kushika mkononi, kodi juu yako", unaweza ukakubali kama bei imeshuka vya kutosha lakini iandikwe ni nani, maana mkataba ukinyamaza atakayehangaika ni anayetaka hati, yaani wewe. Ushuru wa stempu ni 1% ya bei, huo wa mnunuzi, kwangu ilikuwa laki tatu na kumi na tano. Ongeza wakili, ada za uhamisho, dalali, ambaye kwa 5% mpaka 10% mnaongea, na kuna kawaida ya serikali za mitaa kuomba 10% ya mauzo, hiyo ukiambiwa omba risiti ya serikali na uone sura zao.

Kuna mchezo wa kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue. Mnakubaliana 30 mnaandika 12. Achana nao, na sisemi kwa sababu ya ucha Mungu tu. Kesi ikitokea ukashinda, utarudishiwa 12 iliyoandikwa. Siku ukiuza wewe kwa 40, faida yako kwenye karatasi ni 28 na kodi yake utaisikia. Na mthamini wa serikali naye ana macho.

Mahali keshi inapoishia

Siku naingia kwenye hii nyumba nilikuwa na milioni moja na laki mbili duniani. Masika ikaja, bati la upande wa chumba cha watoto likawa linavuja mpaka tukahamisha vitanda sebuleni, fundi kasema milioni 2.8 kubadilisha upande mzima na mbao zake. Nilikopa kwa shemeji. Yaani nina nyumba ya milioni 31 na hela ya mboga naazima. Hicho ndo kikomo cha kwanza cha keshi, ukishaiweka ukutani haitoki. Huwezi kung'oa dirisha ukalipia ada ya shule. Kwa hiyo kama una milioni 40 usitafute nyumba ya 40, tafuta ya 31, 32, hiyo nane inayobaki ina kazi nyingi kuliko unavyofikiri. Mkulima ndo asisahau kabisa, ukimaliza hela yote Januari kwenye nyumba, palizi na kupulizia mikorosho utafanya na nini? Msimu ujao utavuna nyumba?

Kikomo cha pili, nyumba huku haiuziki haraka. Waliokuwepo Mtwara miaka ile ya 2012 mpaka 2014 wanakumbuka, gesi imekuja, wageni wamejaa, kodi za nyumba zikapanda, watu wakajenga gesti na nyumba za kupangisha wanakimbizana, waliokuwa na keshi wakanunua kwa bei ya juu wakidhani ndo kwanza inaanza. Bomba la kwenda Dar likaisha 2015, mafundi wa kigeni wakaondoka, vyumba vikabaki na funguo mlangoni. Sasa hivi kila mara kukitajwa LNG naona madalali wameanza tena kuvaa mashati mazuri. Nunua nyumba kwa sababu utakaa au una mpangaji unayemjua kazi yake, usinunue kwa sababu ya tetesi, maana kwa mkopo benki ingekuzuia lakini keshi haina breki.

Cha tatu ni cha mawazo tu. Hiyo hela ingefanya nini kwingine? Kuna watu nyumba wanaihitaji kesho, sawa. Ila kama umepanga kwa elfu sabini kwa mwezi na milioni 20 zako zingefungua duka la pembejeo, fanya hesabu kwanza kabla mashemeji hawajakupigia makofi. Kuna wengine wananunua nusu nusu, yaani pagale kwa keshi halafu wanamalizia chumba kimoja kimoja kila msimu, mimi naona ndo njia ya busara kwa mtu wa korosho ingawa inachosha.

Na nyie mlioko Dar au nje mnaotuma hela kwa ndugu awanunulie, mkataba uwe kwa jina lako, hela iende moja kwa moja kwa muuzaji, na uje mwenyewe walau siku moja. Sitaongeza neno.

Ukishaingia

Badilisha majina kote: pango la ardhi, maji kwa MTUWASA au kama uko Lindi kwa mamlaka ya huko, mita ya umeme TANESCO. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo kama nyumba ilikaa muda bila mtu, siku ya kwanza ukinunua umeme itakata malimbikizo, usije ukagombana na wakala. Badilisha vitasa vyote. Toa nakala tatu za mkataba, moja isikae kwenye nyumba hiyo hiyo.

Yule mama alirudi wiki ya pili, kwa bajaji, kasahau mbuzi yake ya kukunia nazi nyuma ya mlango wa jiko. Nikamkaribisha chai. Alikaa kwenye kile kile kiti alichokuwa amekaa dalali, akaangalia ukuta niliopaka rangi ya krimu, akaniambia mwanangu hapo chini ungepaka ya oili, hiyo kwa watoto haimalizi mwezi. Haikumaliza.